Home Depot Ilipokutana na Fundi

Bernie Marcus na Arthur Blank walifutwa kazi 1978 na Handy Dan, maduka ya vifaa vya nyumba kule California. Mwaka uliofuata wakafungua Home Depot mjini Atlanta. Pesa ya kujaza rafu haikutosha, kwa hivyo walipanga maboksi matupu hadi juu, duka lionekane limesheheni. Ujanja, kweli. Ila kilichowabeba zaidi ni kwamba Marekani fundi ni ghali: mtu huona afadhali anunue rangi na brashi, aelekezwe pale pale dukani, halafu Jumamosi ajipakie ukuta mwenyewe.

Wakaingia Kanada 1994, Meksiko 2001. Mwaka 2006 wakanunua maduka 12 ya Home Way huko Uchina. Soko lilikuwepo tele, maana watu walikuwa wananunua fleti mpya ambazo mara nyingi hukabidhiwa tupu, bila sakafu wala rangi. Lakini fundi alikuwa bei nafuu. Sasa nani ajichafue wikendi nzima na fundi yuko? (Mtu yeyote wa Nairobi angewaambia hivyo, tena bure.) Mwaka 2012 wakafunga maduka 7 makubwa yaliyokuwa yamebaki, na wafanyakazi kama 850 wakaguswa.