Mwenye Vyombo na Mwenye Vidole

Katika muziki wa dansi hapa kwetu kuna neno moja ambalo lina historia ndefu kuliko nyimbo nyingi, nalo ni "vyombo". Zamani mtu akiambiwa kwamba bendi fulani imevunjika, hakuuliza nani kagombana na nani. Aliuliza, "Vyombo ni vya nani?" Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mpiga solo aliweza kuwa na vidole vya ajabu, ukumbi ukajaa kwa ajili yake, lakini siku aliyokosana na mwajiri aliondoka mikono mitupu. Gitaa lilibaki stoo.

Hali hiyo haikuletwa na uchoyo peke yake. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipounda bendi yake mwaka 1964, na Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na viwanda vilipokuwa na bendi zao, sababu mojawapo ilikuwa kwamba taasisi ndizo zilizoweza kuagiza magitaa, amplifaya na spika kutoka nje. Mshahara wa mtu mmoja haukuweza mzigo huo.

Sisi wa mkoa wa Mara tulikuwa na shida yetu ya ziada. Tulikuwa na Musoma Jazz na Mara Jazz, bendi zilizotupa heshima mbele ya miji mikubwa. Lakini tazama ramani. Kutoka Musoma, Kisumu ni karibu sana kuliko Dar es Salaam, na bendi nyingi za Tanzania zilikuwa zikienda Nairobi kurekodi sahani. Basi mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikisambaratika, mpaka na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katikati hapo vikaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vikala fedha za kigeni. Wakati watu wanapanga foleni ya sabuni na sukari, nani angesimama ofisini kudai nyuzi za gitaa?

Za magendo zilipita Sirari, hilo halina siri. Lakini bei yake ilikuwa ya magendo pia. Watoto wa Bunda, nami nikiwamo, tulijitengenezea magitaa ya kopo na ubao, nyuzi zikiwa waya wa breki za baiskeli. Ulikata vidole waya ule! Na baba aliyekuta baiskeli yake haina breki hakuwa na subira na muziki.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na soko likaanza kupumua.

Nayasema haya yote kwa sababu mpwa wangu amenunua gitaa la umeme. Limetengenezwa China, halina jina la kujivunia, na bei yake ni kama mbuzi wanne wa mnadani. Aliponiletea nyumbani Musoma nililitazama kama mtu anavyotazama saa ya kuchezea. Rangi ilikuwa inang'aa mno. Nikamwambia, "Hili litakaa na sauti yake mpaka Jumatano." Akanijibu, "Mjomba, lipige kwanza."

Nililipiga. Vile vyuma vyembamba vya shingoni vilikuwa na ncha zinazokwaruza kiganja, na uzi wa kwanza ulilegea mara mbili kabla haujatulia. Tukasugua ncha zile kwa msasa, tukazungushia nyuzi vizuri kwenye funguo zake. Baada ya hapo, ndugu msikilizaji, gitaa liliimba. Shingo ilikuwa imenyooka, nyuzi zililala karibu na ubao, na sauti ya juu, kule mpiga solo anakojitafutia sifa, haikupotea. Magitaa kadhaa niliyopata kuyashika ukumbini, yenye majina makubwa, yalikuwa mabaya kuliko hili.

Nikajiuliza inakuwaje. Jibu liko katika umbile lenyewe la kifaa hiki. Gitaa kavu linategemea sanduku lake. Ubao ukiwa mbaya, sauti ni mbaya. La umeme halihitaji sanduku. Chini ya nyuzi za chuma pana sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi unapotikisika unaivuruga nguvu ya sumaku, na umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Amplifaya inafanya yaliyobaki. Leo Fender wa California, aliyekuwa fundi wa redio na wala hakujua kupiga gitaa, mwaka 1950 alitoa sokoni gitaa la ubao mtupu, shingo imefungwa kwa skrubu nne. Tangu mwanzo, basi, kilikuwa kitu cha kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Siku hizi mbao zinakatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haijui kama shingo hii ni ya tajiri au ya mpwa wangu.

Wako watakaosema gitaa si letu, na watamtaja Mwalimu. Ni kweli kwamba tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, mwana huyu wa Butiama aliwasuta waliofundishwa dansi za kigeni wasizijue ngoma za kwao. Lakini hotuba ile ina jambo ambalo wengi hulipita: alisema ngoma zetu hutusisimua hata kama chombo chenyewe ni vijiwe tu vinavyotikiswa ndani ya kopo. Mimi naisoma hivi: hakuwa akipima muziki kwa bei ya chombo.

Na Mara tuna litungu la Wakurya, nyuzi nane, ngoma kubwa ya chini inayonguruma. Zamani nyuzi zake zilitoka katika mishipa ya ng'ombe. Sasa wengi hutumia nailoni ya wavuvi. Mpwa wangu alitaka kuzifunga nyuzi hizo kwenye gitaa lake apate mngurumo ule. Nikamweleza kwamba sumaku haiisikii nailoni, wala mishipa. Inasikia chuma tu. Sasa anautafuta mngurumo wa litungu kwa nyuzi nene za chuma, akizilegeza, huku spika ya redio mbovu ikimsaidia bila kukusudia. Jumapili iliyopita alikuwa amekaribia.

Uzi wa kwanza umeshakatika. Maduka mawili ya mjini hayana, la tatu wanauza seti nzima tu. Ameagiza Mwanza, kwa kondakta wa basi.