Nasaba ya Nyigu Mfinyanzi

Hapana mtoto wa Segerea asiyemjua nyigu yule mwenye kiuno chembamba, abebaye donge la tope kinywani hata akaumba, chini ya dari au pembeni mwa nondo za dirisha, vijungu vya udongo. Walakini nasaba yake, kama ilivyoandikwa katika daftari za elimu, ilitungwa mbali sana na bonde la Msimbazi, tena na wanavyuoni ambao wengi wao hawakupata kumwona akiruka.

Aliyetangulia ni Mswidi Linnaeus, ambaye mwaka 1758 alimtia orodhani huyu aitwaye leo Delta emarginatum. Mwaka 1802 Mfaransa Latreille akawapa wafinyanzi jina la Eumenes, na mwaka 1855 Henri de Saussure wa Geneva akaligawa kundi hilo, sehemu yake moja akaiita Delta, iliyopandishwa daraja baadaye ikawa jenasi ya peke yake. Pwani yetu nayo ilipeleka wadudu wake Ulaya, na mashuhuri ni wale wa Unguja, Mombasa na ziwa Jipe waliokusanywa katika safari ya Baron Carl Claus von der Decken, aliyeuawa Bardera, kwenye mto Juba, mwaka 1865, nao Gerstaecker akawaeleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1873. Aghalabu kilichosafiri ni maiti iliyochomwa pini, ilhali nyumba ya udongo ilibaki ukutani. Kwa hiyo ainisho likasimama juu ya viungo tu: kiuno, taya ndefu, kucha zilizopasuka ncha. Hata daraja lao halikutulia, kwani Eumenidae, waliohesabiwa familia kamili, walirudishwa na James Carpenter mwaka 1982 ndani ya Vespidae, pamoja na nyigu waishio kwa jamaa.

Mtu wa Segerea atakaye yakini ana dalili nyingine, nami naziona bora. Yuko jirani anayemchanganya kila mtu, Sceliphron spirifex, mweusi mwenye kiuno na miguu ya manjano, naye hufinyanga vilevile. Lakini mfinyanzi wetu atuapo hukunja mbawa kwa urefu, na huyu hakunji. Tena bandua chumba kimoja taratibu kwa ncha ya kisu: ukikuta buibui waliorundikwa, ni cha Sceliphron, ukikuta viwavi, walegevu na bado hai, na yai likining'inia darini kwa uzi mwembamba, hicho ni cha mfinyanzi.

Hata hivyo wenye pini hawakukosa hoja kabisa. Ukikiweka kiota chupani ungoje mwenyewe atoke, pengine atatoka mdudu wa kijani na buluu anayemetameta kama shaba iliyosuguliwa, Stilbum cyanurum, ambaye mama yake alitoboa ukuta wa udongo akataga mumo humo, na buu lake likamla mwana wa nyumba.