Pawatila
Pawatila (pia: trekta dogo la mkono) ni mashine ya kilimo yenye injini na magurudumu mawili, inayoongozwa na mtu anayetembea nyuma yake. Nchini Tanzania ilienea zaidi kuanzia mwaka 2009, wakati wa kampeni ya Kilimo Kwanza.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoa wa Mara, wakulima wengi hutumia plau inayokokotwa na maksai. Pawatila huweza kumfaa asiye na ng'ombe au aliyeibiwa mifugo yake, kwa kuwa haihitaji malisho. Hata hivyo huhitaji mafuta, vipuri na fundi wa karibu. Kwa kuwa ni nyepesi, hailimi kwa kina kwenye udongo mkavu, wenye mawe au visiki, na kwenye miteremko mikali inaweza kupinduka.

Kwa mwenye shamba dogo, kukodi au kununua kwa kikundi hupunguza gharama. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, wanakikundi wote huihitaji kwa wakati mmoja, na anayechelewa kulima huchelewa kupanda. Baada ya msimu wa kulima, pawatila huvuta tela la mazao au kuendesha pampu ya maji.