Watoto wa Makaa, Watoto wa Lulu

Mwaka 1842 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Sheria hiyo haikufika kwenye bahari ya Ghuba.

Biashara ya lulu ilipopamba moto mwishoni mwa karne ya 19, Waafrika wengi, baadhi wakiwa wametekwa utotoni, walifanywa wapiga mbizi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibanio, akashuka kwa uzito wa jiwe akiwa na kikapu. Mwenzake chomboni alishika kamba ya kumvuta. Wavulana walitumwa huku wakijifunza kazi. Ujira wa mtumwa aliuchukua bwana wake. Wanawake watumwa walitumika majumbani.

Watoto wa migodini walihojiwa na tume, na maneno yao yakachapishwa. Wa baharini tunawasikia hasa kupitia maelezo ya wale waliokimbilia kwa Waingereza, Sharjah na Bushehr, kuomba hati za uhuru. Sisi wasomi wa Kiswahili tunalijua neno nahodha. Tumjue pia aliyekuwa mwisho wa kamba.