Chini ya Muuru Wetu

Kwaya yetu ilianza bila ukumbi. Waanzilishi walipanda nyuma ya kanisa mche wa muuru, mti wa asili wa maeneo ya Mlima Kenya, wakapeana zamu za kuumwagilia maji. Miaka ikapita, sauti zote nne zikatosha kivulini. Tulipohitaji viti, wengine walitaka ukatwe, kwani mbao za muuru husifika kwa samani. Tulibishana jioni nzima, hata mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Wengi walioumwagilia hawakuwahi kuketi hapa." Tukachanga, tukanunua viti vya plastiki. Leo, katika Jubilii hii, twamshukuru Mungu: muuru ungali umesimama. Tutapanda mingine mitatu. Daftari la zamu za maji liko kwa katibu.