Ua la Usiku

Historia imo vitabuni, waliniambia, nami nikaitikia. Kumbe nyingine ilikuwa uani kwa bibi, Mombasa, imetambaa ukutani: mwasmini.

Asili ya mmea huu ni Asia. Jina limetoka Uajemi, likapitia Uarabuni, likafika pwani likawa letu. Mwaka 1753 Carl Linnaeus, msomi wa Uswidi, aliuita Nyctanthes sambac. Neno la kwanza ni Kigiriki, yaani ua la usiku. Mwaka 1789 William Aiton akauhamishia kundi la Jasminum. Bibi hakuwajua hao, ila saa aliijua: vitumba huchumwa jioni kabla havijafunguka, vikatungwa vikuba pamoja na mrehani, usiku vinukie.

Bibi alipofariki nyumba iliuzwa, mwasmini ukakatwa. Mimi niliondoka na kijiti kimoja tu, nikakichomeka kwenye kopo la rangi, juani. Kikashika. Kila ukimaliza kuchanua naupogoa, maana maua hutoka kwenye tawi jipya.

Jana usiku ulinukia ngazi nzima. Jirani akauliza, “Kwani nani anaoa?”

Nikamwambia hakuna harusi, ni ua la bibi. Kisha nikaingia ndani, nikaandika haya.