Korongo Lililopimwa Kutoka Uwandani

Mwaka 1858 Luteni Joseph Ives wa jeshi la Marekani alishuka hadi chini ya Grand Canyon, Arizona, akiongozwa na Wahualapai. Baadaye aliandika kwamba mahali pale hapana faida yoyote, na kwamba bila shaka Wazungu hawatafika tena. Waliomwongoza walikuwa nyumbani kwao.

Miaka 11 baadaye akaja John Wesley Powell, aliyepoteza mkono vitani. Alishuka mito ya Green na Colorado na wenzake 9 katika mashua 4. Ili kujua kimo cha ardhi alitegemea baromita, kwa kuwa hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Mwezi Juni mashua ya No Name ilipasuka miambani, na baromita zote zilikuwemo. Vijana wawili wakayakabili maji kwenda kuziokoa. Powell alisikia vifijo, akafurahi kwamba wenzake nao wanavithamini vyombo vya sayansi. Kumbe walikuwa wamelipata pipa la wiski! Baromita nazo zilipatikana.

Hata hivyo, ramani yenyewe ilianzia uwandani, si mtoni. Majira ya baridi ya 1872, karibu na kijiji cha Kanab, kikosi cha Almon Thompson, shemeji yake Powell, kilipima mstari mnyoofu wa kilomita 14 hivi kwa fito za mbao, ufito baada ya ufito, kwa pima maji na timazi. Kosa la inchi moja pale lingekua kila pembe mpya ilipopimwa kutoka kilele hadi kilele. Ramani ilichorwa hemani. Februari 1873 kijana wa kikosi hicho, Frederick Dellenbaugh, akaipeleka Salt Lake City ndani ya bomba la bati. Kwangu mimi, kazi ile ya baridi inazidi ushujaa wote wa mashuani.

Claude Birdseye, aliyeupima mto Colorado mwaka 1923, alitumwa na tamaa nyingine: kutafuta mahali pa kujenga mabwawa. Mwezi Septemba, pale Lava Falls, maji yalipanda zaidi ya mita 6, watu wakakesha wakivuta mashua juu ya miamba.

Leo bwawa la Glen Canyon liko juu ya korongo na la Hoover liko chini yake. Ndani ya korongo lenyewe, kilomita 446 za mto, halijajengwa hata moja.